Njia ya Mkato Ifyekwe na Mwenyewe

Nyinyi ambao hamkuchagua somo la Kompyuta, ambao mkisikia neno teminali mnafikiria kituo cha mabasi, msifunue ukurasa bado. Jambo hili linaanzia kwenye mashine lakini linaishia kwenye lugha, na lugha ni yetu sote.

Kisa chenyewe ni hiki. Muhula uliopita kulizuka ubishi katika maabara ya kompyuta. Ubishi huo ulitoka maabara ukaingia bwaloni, ukalala nasi bwenini na asubuhi ukaamka kabla ya kengele. Upande mmoja ulishikilia kwamba mwanafunzi anayetumia njia za mkato kwenye teminali ni mvivu, na kwamba akili yake italemaa. Upande wa pili, ambao ndio wengi, ulikuwa umejaza njia hizo tele katika mashine, ila hakuna hata mmoja aliyezitengeneza. Waliziokota huku na kule wakazibandika, basi. Mimi nilikaa katikati nikapigwa na pande zote mbili, kama ngoma. Nasema hivi: njia ya mkato ni halali na ni nzuri, lakini ifyekwe na yule atakayeipita, na ikiisha kufyekwa ipewe jina la lugha yake.

Tuanze na wale wa teminali ya mabasi. Teminali ninayoisema ni lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe vya kubofya. Unaandika amri, unabonyeza kitufe cha Enter, na tarakilishi inatii au inakukemea. Programu inayozipokea amri hizo inaitwa sheli. Majirani zetu Watanzania wakisema sheli wanamaanisha kituo cha petroli, lakini hii ni sheli kwa maana ya ganda, kwa sababu imekifunika kiini cha mfumo jinsi ganda la yai linavyokifunika kiini chake. Inayotumika sana kwenye Linux inaitwa Bash, na ilitungwa na Brian Fox mwaka wa 1989.

Watu wanaoandika programu huweka kazi yao katika ghala la msimbo. Chombo kinachotunza maghala hayo kwa wingi zaidi ni Git, kilichoanzishwa mwaka wa 2005 na Linus Torvalds wa Finland, yule yule aliyeanzisha Linux. Git hukumbuka kila badiliko: nani alibadilisha nini na lini. Mwaka wa 2008 ikaja GitHub, mahali kwenye intaneti pa kuweka maghala hayo ili wengine wayaone. Pakanoga hata kampuni ya Microsoft ikapanunua mwaka wa 2018 kwa hisa za thamani ya dola bilioni 7.5. GitLab nayo ipo, na wengineo.

Kwa hivyo ghala moja lina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni folda iliyo ndani ya mashine yako, ambamo unaandika na kufuta. Uso wa pili ni ukurasa wa intaneti ambako wenzako wanaiona kazi, wanaandika masuala yaliyowakwaza, na wanaomba mabadiliko yao yaingizwe. Anayefanya mradi na wenzake huvuka kutoka uso mmoja hadi mwingine mara nyingi kwa siku, mithili ya abiria wa Likoni.

Sasa angalia jinsi wengi wetu tunavyovuka. Uko kwenye teminali, ndani ya folda ya mradi wako. Unataka kuona kama mwenzako ameacha suala. Unashika kipanya, unafungua kivinjari, unaandika jina la GitHub kwenye mtafuta habari, unabofya tokeo la kwanza, unangoja ukurasa wa mbele ufunguke na mapambo yake yote, unatafuta jina lako, kisha orodha ya maghala, kisha ghala lenyewe. Kurasa tatu nne zimekula bando kabla hujafika unakokwenda. Kipindi ni dakika 40, mashine moja mnagawana wawili, na yule jirani yako tayari anakusukuma kiwiko. Halafu mtu asimame kifua mbele aniambie kuwa kuipunguza safari hii ni uvivu! Mama yangu akibonyeza *144# kuona salio la simu yake, kuna anayemwita mvivu?

Hata hao wanaotukemea wanatumia njia za mkato bila kujua. Amri tunazofundishwa katika wiki ya kwanza ya teminali, ls, cp, mv, ni maneno ya Kiingereza yaliyokatwa mikono na miguu. Walioyakata ni mabingwa wa Unix katika maabara ya Bell kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walikuwa wakichapa kwenye mashine za teletaipu, na ile iliyoenea sana, Teletype 33, ilipiga herufi 10 tu kwa sekunde. Kila herufi ilikuwa na gharama, wakaipunguza. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo Bill Joy wa chuo kikuu cha California kule Berkeley akatunga sheli yake, na ndani yake akamruhusu mtumiaji kuipa amri ndefu jina la kupanga. Kiswahili tayari kina neno la jina la kupanga. Ni lakabu. Basi nitaiita lakabu, nanyi mtaniunga mkono.

Lakabu ndiyo njia ya mkato iliyo rahisi kuliko zote. Ukitaka kujua hali ya ghala lako, Git inataka uandike git status. Mimi nimeandika hivi:

alias hali='git status'

Tangu hapo nikiingia katika folda ninaandika hali, kama ninavyomjulia hali mtu, na mashine inanijibu kama kuna lililobadilika au ni salama salimini. Lakini lakabu ina upungufu wake: inabadilisha maneno kwa maneno tu, haiwezi kufikiri katikati. Kuufungua ukurasa wa ghala kunahitaji kufikiri kidogo, na hapa ndipo utamu ulipo. Msije mkaparuka aya hii.

Git yenyewe inaijua anwani ya ukurasa wako. Ulipolinakili ghala kutoka kwenye intaneti, iliihifadhi anwani hiyo na kuipa jina la origin, yaani asili. Ukiandika git remote get-url origin, utaipata. Tatizo ni kwamba anwani hiyo huja kwa sura mbili. Wengine huipata kama https://github.com/jina/mradi.git, ambayo kivinjari kinaielewa. Wengine, hasa wanaotumia ufunguo wa siri badala ya nywila, huipata kama git@github.com:jina/mradi.git. Hii ya pili ukiipa kivinjari, kinashangaa tu. Inabidi uigeuze: neno git@ liondoke na https:// iwekwe mahali pake, nukta pacha iwe mkwaju, na ile .git ya mkiani ikatwe. Kazi hiyo ya kukata na kushona inafanywa na programu ya zamani iitwayo sed. Kisha xdg-open, ambayo kwenye Linux hufungua kitu kwa programu inayokifaa, inaipokea anwani na kuipeleka kwa kivinjari. Hivi ndivyo inavyokuwa ikiunganishwa:

fungua() {
  anwani=$(git remote get-url origin) || return
  anwani=$(echo "$anwani" | sed -e 's#^git@\(.*\):#https://\1/#' -e 's#\.git$##')
  xdg-open "$anwani"
}

Mistari mitano, ukihesabu na mabano. Hiyo inaitwa funksheni. Yale maneno || return yanamaanisha kwamba kama hapo ulipo si ghala, Git ikilalamika basi safari iishie hapo, tusifungue upepo. Aliye na mashine ya Apple aandike open badala ya xdg-open, na wa Windows anayetumia Git Bash aandike start. Ukiiandika funksheni hii kwenye teminali itafanya kazi mpaka ulifunge dirisha, kisha ife. Ukitaka idumu, iweke katika faili ya .bashrc iliyo nyumbani kwako ndani ya mashine, kwa kuwa kwenye Linux Bash huisoma faili hiyo kila unapofungua dirisha la teminali.

Sasa nawauliza wale wa upande wa kwanza, bila ugomvi: mtu aliyeiandika mistari hiyo mwenyewe amelemaa wapi? Amejua kuwa ghala lina anwani. Amejua anwani ina sura mbili, na sababu yake. Amejifunza kugeuza maandishi kwa kanuni, kazi ambayo ataihitaji maisha yake yote akiwa katika fani hii. Amejua Bash inasoma wapi inapoamka. Somo zima limo humo, tena amelipata kwa kutaka kuokoa nusu dakika! Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu ameinama mara moja, akakichukua, na hatainama tena. Mnataka ainame kila siku ndiyo mjue ana bidii?

Nikimalizana nao, nawageukia wenzangu wa upande wa pili, na hapa sitauma maneno.

Kuna mkusanyiko mkubwa wa vikorombwezo vya sheli uitwao Oh My Zsh, ulioanzishwa na Robby Russell mwaka wa 2009. Ni kazi nzuri, siikashifu. Ndani yake kuna lakabu za Git chungu nzima. Mwanafunzi anaiweka mashine nzima mara moja, na siku hiyo hiyo anaanza kuandika gst, gp, gl, vidole vinakimbia kama vya mpiga taarabu. Muulize gl ni nini. Mmoja aliniambia ni kutazama historia ya mabadiliko, kwa sababu l ni ya log. Hasha! Katika mkusanyiko huo gl ni git pull, yaani kuyaleta mabadiliko ya wenzako na kuyachanganya na yako. Kutazama na kuchanganya ni vitu viwili, kama vile kuchungulia sufuria na kutia chumvi. Mtu akidhani anachungulia, kumbe anatia chumvi, mchuzi ukiharibika atamlaumu mpishi.

Na huyo huyo ukimkalisha mbele ya mashine nyingine, ambayo haina mkusanyiko ule, anakuwa kama kipofu aliyenyang'anywa mkongojo. Gst inakataa, gp inakataa, naye hajui zilikuwa zikisimamia nini. Anainua mkono, eti mashine hii mbovu. Nguo ya kuazima haisitiri. Aliyejiandikia fungua akifika kwenye mashine ngeni ataikosa pia, lakini anajua ndani yake kuna nini. Ataandika git remote get-url origin kwa mkono na kuendelea na safari.

Tena kuna hatari isiyo ya mzaha. Lakabu inaweza kuvaa jina la amri unayoiamini. Kwenye mashine nyingi za Linux, hata ls uliyoizoea imevishwa lakabu ili ikuletee majina kwa rangi. Hiyo haina neno. Lakini mwenye nia mbaya anaweza kukuandikia sudo ya bandia, ikuulize nywila kama ile ya kweli, kisha iitorokee nayo. Wewe umenakili mistari 300 kutoka kwa mtu usiyemjua, ukaibandika katika .bashrc bila kuisoma, umejuaje haimo? Kuna amri fupi iitwayo type. Andika type fungua, na Bash itakuonyesha funksheni nzima ilivyo. Andika type ls, itakuambia kama ni lakabu au la. Ni desturi ya dakika moja. Mimi naona kuwa mtu asiyeweza kueleza mstari ulio katika .bashrc yake, mstari huo si wake, na aufute hadi atakapouelewa.

Nilisema mwisho wake ni lugha. Tumefika.

Kwa nini fungua? Mwenzangu mmoja wa kidato cha nne aliniambia kwamba Kiswahili ni cha insha na ngonjera, na teminali ina lugha yake. Alisema kwa upole tu, lakini yalinichoma. Hebu tuitazame hiyo lugha yake. Jina Git ni neno la mitaani la Waingereza la kumtusi mtu mjinga na msumbufu, na Torvalds mwenyewe alifanya mzaha kwamba miradi yake huiita kwa sifa zake. Bash ni mchezo wa maneno: sheli iliyoitangulia ilitungwa na Stephen Bourne, basi waliofuata wakalichezea jina lake lisikike kama maneno ya Kiingereza ya mtu aliyeokoka, aliyezaliwa mara ya pili. Kulikuwa na programu ya kusomea maandishi iitwayo more, yaani zaidi. Katika miaka ya 1980 Mark Nudelman akatunga iliyo bora kuliko hiyo akaiita less, yaani pungufu. Haya ndiyo tuliyoambiwa ni ya kisayansi na hayaguswi! Ni mafumbo, utani na lakabu, watu wakichezea lugha ya mama yao ndani ya mashine. Sisi ambao kwetu utani na mafumbo ndiyo mkate wa kila siku tumekaa kando tukiyakariri ya wenzetu.

Na Kiswahili kinafaa kwa kazi hii kuliko watu wanavyodhani. Kwanza, neno la kuamuru katika lugha yetu aghalabu ni shina tupu la kitenzi. Fungua. Peleka. Tazama. Halina kiambishi cha nafsi wala cha wakati, tayari limekaa mkao wa amri. Mwalimu wa sarufi alipotufundisha hali ya kuamuru sidhani aliwaza teminali, lakini somo lake limefika huko.

Pili, majina yetu hayagongani na ya watu. Katika mashine kuna maelfu ya amri, karibu zote zikiwa vipande vya Kiingereza, kwa hivyo anayejitungia jina la herufi mbili hujikuta amemkanyaga mwenyewe. Ukiipa njia yako jina la gh, siku utakapoweka programu ya GitHub ya kutumia kwenye teminali, iliyotoka rasmi mwaka wa 2020, utaona nayo inaitwa gh, na zitakabana koo. Programu hiyo, nisije nikaficha, ina amri yake ya kufungua ukurasa, gh browse, na inafanya kazi vizuri. Lakini inaijua GitHub peke yake. Ghala langu likiwa GitLab, fungua bado inalifungua, kwa kuwa inauliza Git na haijali mwenye nyumba ni nani. Na sijawahi kuona programu iliyonyang'anya jina la fungua.

Wapo watakaosema neno fungua ni refu, lina herufi sita, na mkato gani huo? Bash ina kitufe cha Tab. Andika fung kisha Tab, itakumalizia yenyewe.

Tatu ni jambo la wingi, na hili ndilo lililonifurahisha kupita yote. Mstari wa mwisho wa funksheni yangu niliubadilisha ukawa xdg-open "$anwani/$1", maana yake neno utakaloliandika baada ya fungua liongezwe mkiani mwa anwani. Kwa GitHub, fungua issues inakupeleka kwenye masuala, na fungua pulls kwenye maombi ya mabadiliko. Kisha nikaandika nyingine:

fungueni() {
  fungua
  fungua issues
  fungua pulls
}

Fungua ni umoja, hufungua ukurasa mmoja. Fungueni ni wingi, hufungua zote tatu kwa mpigo. Mtoto wa darasa la nne aliyejua umoja na wingi wa amri hahitaji kufundishwa tofauti yake. Kiingereza hakiwezi kukufanyia hivyo kwa herufi mbili tu.

Labda mtu ataniuliza: je, mhandisi wa India au Brazil akija kufanya kazi nami ataelewaje fungua? Hahitaji kuelewa. Lakabu na funksheni zangu zinakaa nyumbani kwangu, katika .bashrc, haziingii ghalani wala haziendi kwenye ukurasa wa mtu. Majina ya ndani ya msimbo mnaoandika pamoja ni habari nyingine. Huko mtakubaliana lugha ya kikundi, na aghalabu itakuwa Kiingereza, sina ugomvi. Lakini nyumbani kwangu nikizungumza Kiingereza na kuta, hiyo itakuwa nimelazimishwa na nani?

Chama chetu kimetunga orodha za istilahi miaka nenda miaka rudi. Ziko ubaoni pale ukutani, zimepauka. Tumebishana tarakilishi, ngamizi au kompyuta mpaka koo zikakauka, ilhali nje ya mlango wa chama kila mtu anasema kompyuta. Waliotutangulia walifanya kazi kubwa. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 2017, anatajwa kuwa ndiye aliyetupa neno runinga, na neno hilo likapata bahati ya kutumika. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Kazi kama hiyo hutaka timu, fedha na miezi. Lakabu haitaki kamati. Ni mstari mmoja, unaandikwa na mtu mmoja, na neno linaanza kutumika dakika hiyo hiyo, mara 20 kwa siku, kwa vidole, wala si kwa kukariri kwa ajili ya mtihani. Neno lililo ubaoni halina anayelihitaji. Neno lililo katika .bashrc lisipoitika, mtu anakasirika, na hapo ndipo ujue limeishi.

Kuna kikwazo kimoja cha kwetu shuleni. Mashine za maabara zina akaunti moja ya wanafunzi wote, hivyo nikiandika fungua katika .bashrc ya pale nimewaandikia shule nzima, na kesho mwingine ataifuta, naye ana haki. Dawa yake ni kila mtu awe na faili yake, tuseme mkato.sh, aihifadhi katika ghala lake mwenyewe. Akiketi kwenye mashine yoyote analinakili ghala, anaandika source mkato.sh, na njia zake zote zinaamka mpaka alifunge dirisha. Akiondoka hakuachia mwingine uchafu. Wahandisi wengi duniani hutunza mafaili yao ya mipangilio vivyo hivyo.

Namwomba mlezi wa chama azungumze na mwalimu wa kompyuta watupatie kipindi kimoja cha Ijumaa jioni. Kila mwanachama aje aandike fungua yake. Tafadhali, isigawanywe faili iliyokwisha andikwa, hata hii yangu iliyochapwa hapa. Someni jinsi inavyofanya kazi, fungeni jarida, kisha andikeni. Atakayekwama na sed asaidiwe na jirani yake. Asiyesoma Kompyuta aje pia, kwa sababu upande wa majina tuna upungufu mkubwa na tunawahitaji wenye lugha.

Kwa mfano, git push nimeiita peleka, na git pull nimeiita leta. Kuna waliotaka sukuma na vuta kwa kuwa ndiyo tafsiri ya moja kwa moja. Nikawaambia hakuna anayesukuma kitu hapo. Kazi inapelekwa kwa wenzako na kuletwa kutoka kwao, na isitoshe, sukuma bwaloni tunaila kila siku. Tawi ni tawi, hilo halikuleta ubishi. Lililonishinda ni git commit, kile kitendo cha kuyatia mabadiliko yako katika kumbukumbu ya ghala kabla hujayapeleka. Hifadhi haifai, kwa maana faili unaihifadhi kwanza, hiki kinakuja baadaye. Weka ni pana mno. Kabidhi inakaribia, lakini kukabidhi ni kumpa mtu, na hapa hujampa mtu bado. Piga muhuri ndiyo maana yenyewe hasa, bahati mbaya ni maneno mawili na lakabu haikubali nafasi katikati. Kwa sasa natumia muhuri, ambayo ni nomino, na kila nikiiandika nasikia sauti ya mwalimu wangu wa sarufi akiguna. Mwenye kitenzi kimoja, kisichozidi silabi nne, aniandikie kwa chaki pembeni mwa ubao wa maabara, upande wa dirishani ambako hapafutwi.